Ushahidi Wetu Juu ya Muuza Silaha

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Ndugu yetu mmoja wa Changamwe alitujia darsani baada ya sala ya Isha. Akatueleza kuwa ana nia ya kufungua duka la silaha lenye leseni ya serikali, auze bastola na bunduki na risasi kwa wale walioruhusiwa na sheria. Akatuuliza kwanza: Je, biashara hii ni halali? Kisha akatutaka jambo la pili, nalo ndilo lililotutia katika kuandika makala haya. Alitutaka sisi wa darsa tutie sahihi zetu katika barua ya kumshuhudia kuwa ni mtu mwema, mwaminifu, mwenye kusali, kwani wenye kuchunguza maombi yake wataka kujua tabia yake. Barua alikuja nayo tayari, imekwisha pigwa taipu. Ilikuwa yangojea kalamu zetu tu.

Wawili wetu walikwisha shika kalamu. Wa tatu akauliza kwa sauti ya chini: "Jamani, hivi sisi twamjua?" Tukatazamana. Tukamwomba ndugu yetu atupe siku chache, naye akaondoka hakufurahi. Siku hizo chache zimekuwa majuma mawili, nasi tumeyatumia katika kusoma na kujadiliana. Na haya ndiyo tuliyoyafikia. Twayaandika hapa kwa kuwa si yake peke yake. Kila msomaji wa waraka huu, awe Likoni, Kisauni au Changamwe, amepata kuombwa sahihi ya namna hii, na wengi wetu tumeitoa pasi na kufikiri.

Tuanze na suali la kwanza, kwani jawabu lake ni jepesi. Asili ya kuuza silaha ni halali. Sahaba Khabbab bin Al-Arat, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alikuwa mhunzi katika mji wa Makka, akifua panga na kuziuza, wala hatukusikia kuwa Mtume (S.A.W.) alimkataza kazi yake. Mwenye shamba ahitaji kulinda mifugo yake, na mwenye kubeba mali za watu ahitaji kulinda roho yake. Chuma chenyewe hakina dhambi.

Lakini wanavyuoni wetu hawakusimama hapo. Imam Bukhari ameweka katika kitabu chake mlango khasa juu ya kuuza silaha wakati wa fitina, na humo ametaja kuwa Sahaba Imran bin Huswain alichukia jambo hilo. Na Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wengi wa pwani hii wamekisoma katika madhehebu ya Shafi, ametaja kuwa haisihi kumuuzia silaha adui aliye vitani nasi. Na mahali pengine ametaja zabibu na tende mbichi kuuziwa mwenye kuzikamua tembo kuwa ni katika biashara zilizokatazwa. Wafafanuzi wakaeleza: muuzaji akijua, au akiwa na dhana yenye nguvu, kuwa mnunuzi atazifanya ulevi, basi ni haramu kumuuzia, na akiwa na shaka tu, ni makuruhu. Na mwenye kumuuzia silaha mnyang'anyi wakamtia katika hukumu hiyo hiyo.

Tazama basi, ewe msomaji, jambo hili lilivyo la ajabu. Zabibu ni zile zile, bei ni ile ile, mizani ni ile ile. Hukumu yageuka kwa sababu ya mtu aliyesimama upande wa pili wa meza. Mwenye kuuza mchele hatakiwi kumjua mlaji wake. Mwenye kuuza silaha hana biashara ya halali illa kwa kumjua mnunuzi. Kwa hivyo kumchunguza mnunuzi si taabu iliyozidishwa na serikali juu ya biashara iliyokwisha timia; ni sehemu ya biashara yenyewe, kama vile udhu ulivyo kwa sala.

Na sheria ya nchi yetu, ingawa haikutungwa na mafakihi, imeelekea huko huko. Sheria ya Silaha, ambayo ni Sura ya 114 katika sheria za Kenya na asili yake ni ya miaka ya 1950 katika siku za ukoloni, yakataza mtu yeyote kufanya biashara ya silaha illa awe ameandikishwa kuwa muuzaji. Yamlazimisha muuzaji kuweka daftari ya silaha ziingiazo na zitokazo. Yamkataza kumuuzia mtu asiyemwonyesha cheti cha kumruhusu. Na hicho cheti chenyewe hakitolewi mpaka mwenye kutoa aridhike kuwa mwombaji ana sababu njema ya kutaka silaha; wala hapewi mlevi wa mazoea, wala asiye na akili timamu, wala mtu asiyefaa kwa sababu yoyote nyingine kuaminiwa silaha. Leo kazi hiyo iko mikononi mwa Bodi ya Leseni za Silaha, nayo yategemea alama za vidole, khabari za polisi, na maneno ya wanaomjua mwombaji.

Twataka msomaji alishike neno moja katika hayo, nalo ni neno "kuaminiwa". Mwenye kupewa silaha ameaminiwa, na kilichoaminiwa kwa mtu ni amana. Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Nisaa, aya ya 58, tuzifikishe amana kwa wenyewe wanaostahiki. Kwa neno hilo moja yajibika mengi katika haya tunayojadiliana.

Wako wanaosema: "Uchunguzi huu wote ni kazi bure. Bunduki zilizotuua hazikutoka dukani. Mnyang'anyi haendi kuomba leseni." Maneno haya twayasikia barazani, na si maneno ya kupuuzwa, kwani sisi wa bara ya Mombasa tumeyaona kwa macho yetu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la watu lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha kivukoni. Askari sita waliuawa, na makumi ya bunduki yakachukuliwa. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya mia waliuawa Likoni na kusini ya pwani, wengi wao wageni waliotoka bara, na watu wapatao 100,000 wakakimbia makwao. Tarehe 23 Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia kanisani hapa Likoni siku ya Jumapili wakawapiga risasi waliokuwa wakiabudu, wakafa sita. Na tarehe 10 Juni mwaka huo huo Sheikh Mohammed Idris, aliyekuwa mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, aliuawa kwa risasi hapa hapa Likoni, naye yuko njiani kwenda kusali Alfajiri. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ni kweli kwamba waliofanya hayo hawakusimama mbele ya meza ya muuzaji mwenye leseni wakaonyesha cheti. Lakini tujiulize: hizo bunduki zilizaliwa wapi? Bunduki haimei porini kama mkwaju. Kila moja ilifanywa na kiwanda, ikauzwa kwa hati, ikawekwa mikononi mwa mtu aliyeaminiwa. Kisha mahali fulani katika njia yake amana ikavunjika. Ama iliuzwa na aliyekula rushwa, ama iliibiwa kwa asiyejua kulinda, ama ilitolewa kwa asiyestahiki. Zile za Likoni za mwaka 1997 zilitoka katika ghala ya polisi wenyewe. Basi hoja hii haibomoi uchunguzi. Bali yaonyesha kuwa uchunguzi hautoshi kwa mnunuzi peke yake. Yapasa achunguzwe mnunuzi, na muuzaji kabla yake, na mlinzi wa ghala, na yule mwenye kuchunguza wote hao. Mtungi ukiwa na ufa mahali pamoja, hufaidiki kwa kuwa mzima mahali kumi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwani yatoka katika dini. Wasema: "Mwenyezi Mungu katika Sura ya Hujurat, aya ya 12, ametukataza kudhaniana vibaya na kupelelezana. Je, kuuliza juu ya maisha ya mtu, kama alipata kufungwa, kama humpiga mkewe, kama hulewa, si huo upelelezi ulioharimishwa?" Na wenye hoja hii wana uchungu ambao twaujua. Vijana wetu wamesimamishwa njiani kwa sababu ya kanzu na ndevu. Wengi wa watu wetu wa pwani wamekwenda kuomba kitambulisho, wakaambiwa walete vyeti vya baba na babu, wakawekwa mbele ya kamati kama wageni katika mji waliozikwa mababu zao. Hilo ndilo ambalo magazeti huliita kupigwa msasa, na kwetu sisi neno hilo lina ladha ya shubiri.

Hapa ndipo inapotufaa ile tafauti baina ya haki na amana. Kitambulisho ni haki ya raia. Mwenye haki yake haambiwi athibitishe kuwa yu mwema ndipo apewe. Mwenye kumnyima ndiye wa kuleta hoja, na akikosa hoja amedhulumu. Ama amana ni kinyume chake. Hapana mtu duniani mwenye haki juu yetu kwamba tumwamini na kitu ambacho kwacho aweza kutuua. Yeye ndiye mwenye kuja kuomba, na yeye ndiye wa kuleta dalili. Aliyefunga mlango wake hatukupewa ruhusa ya kuchungulia dirishani kwake. Lakini aliyetoka kwa miguu yake, akaja kutuomba tumwaminie roho za majirani, huyo ameufungua mlango mwenyewe; na kumwuliza yanayohusu amana hiyo si kumpeleleza.

Na twaongeza sharti mbili ili maneno yetu yasitumiwe kwa dhulma. Kwanza, aulizwe yale yanayohusu silaha tu: hasira yake, ulevi wake, ugomvi wake, uaminifu wake, uangalifu wake. Asiulizwe kabila lake wala madhehebu yake wala anakosali. Pili, uchunguzi uwe mmoja kwa wote, mtoto wa Kisauni na mtoto wa tajiri wa Nairobi sawa sawa. Anayepitishwa kwa jina lake hakuchunguzwa, na anayekataliwa kwa jina lake pia hakuchunguzwa. Wote wawili wamehukumiwa kwa dhana. Ile aya iliyokataza dhana yakataza hilo, na ile aya ya 6 ya Sura hiyo hiyo, iliyotuamrisha kuhakikisha khabari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, yaamrisha uchunguzi. Aya hizo mbili hazigombani, zalindana.

Na kama mtu ataka kuona nini hutokea silaha ikihisabiwa kuwa ni haki badala ya amana, na aitazame Marekani. Katiba yao yaihisabu ni haki ya raia. Tangu mwaka 1998 muuzaji mwenye leseni huuliza kwa wakuu wa upelelezi juu ya mnunuzi kabla ya kumpa bunduki. Lakini sheria yao yasema kuwa siku tatu za kazi zikipita bila ya jawabu, muuzaji aweza kuuza. Yaani kunyamaza kumefanywa ruhusa, kwani mwenye haki hacheleweshwi. Mwaka 2015 kijana mmoja alinunua bastola kwa njia hiyo, jawabu lake likiwa halijaja. Na tarehe 17 Juni akaingia kanisa la watu weusi katika mji wa Charleston, akaketi nao katika darsa yao ya Biblia, kisha akawaua tisa. Mwezi uliofuata mkuu wa upelelezi alikiri hadharani kuwa lau uchunguzi ungalifanywa sawa sawa, bastola hiyo isingaliuzwa. Katika amana kunyamaza si ruhusa. Asiyejulikana hapewi mpaka ajulikane.

Sasa twafika penye shina la mambo, napo ndipo panapotuuma sisi wenyewe: mtu hujulikanaje?

Serikali ina makaratasi. Cheti cha tabia njema hueleza kuwa alama za vidole za mtu huyu hazikupatikana katika madaftari ya waliohukumiwa. Hilo ni jambo lenye faida, lakini tusilipe maana lisilokuwa nayo. Halisemi kuwa mtu huyu ni mwema. Lasema tu kwamba hakuhukumiwa. Wangapi mtaani twawajua kuwa ni wakorofi wa nyumba zao na dhalimu wa majirani zao, na vidole vyao ni safi kama vya mtoto mchanga? Na serikali yenyewe yalijua hilo. Mnamo Desemba 2018 aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Dakta Fred Matiang'i, aliamrisha kuwa raia wote wenye leseni za silaha warudi kuchunguzwa upya katika muda wa siku 90. Kama uchunguzi wa mwanzo ulikuwa wa kutegemewa, wa pili ulikuwa wa nini?

Karatasi basi yahitaji kutimizwa na ulimi wa mtu. Na hapa twakumbuka kisa kinachosimuliwa juu ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Mtu mmoja alikuja kutoa ushahidi mbele yake, naye Umar hakumjua. Akataka aletwe wa kumtambulisha. Akasimama mtu akasema kuwa yeye amjua, na kwamba ni mwadilifu. Umar akamwuliza kama ni jirani yake wa karibu, ajuaye usiku wake na mchana wake. Akajibu la. Akamwuliza kama alipata kupatana naye kwa dinari na dirhamu, mambo yanayodhihirisha ucha Mungu wa mtu. Akajibu la. Akamwuliza kama alipata kusafiri naye, kwani safari hufunua tabia. Akajibu la. Basi Umar akamwambia kuwa hamjui huyo, akamrudisha yule shahidi akalete mwengine anayemjua. Na katika baadhi ya mapokezi Umar alimwambia kuwa labda alimwona msikitini akiinama na kuinuka.

Tuliposoma kisa hiki darsani, hapana aliyesema neno kwa muda. Kwani sisi ndugu yetu wa Changamwe twamjuaje? Twamjua kuwa akiinama na kuinuka pamoja nasi. Hatukukaa naye mtaa mmoja, hatukukopeshana naye, hatukusafiri naye hata kuvuka kivuko. Nasi tulikuwa tumekwisha shika kalamu kuandika kuwa twamjua.

Asidhani msomaji kuwa haya ni mambo madogo ya sahihi na wino. Siku ya Ijumaa tarehe 15 Machi 2019, huko New Zealand, mtu mmoja aliingia misikiti miwili ya mji wa Christchurch akawaua Waislamu 51 waliokuwa katika sala na waliokuwa wakikimbia. Bunduki zake alizinunua kwa leseni aliyopewa na polisi mnamo Novemba 2017, wala hakuipata kwa kughushi. Alichunguzwa, nyumba yake ikaangaliwa, na watu wawili wakaulizwa juu ya tabia yake. Ni watu gani hao? Mmoja alikuwa rafiki ambaye urafiki wao, kwa sehemu yake kubwa, ulikuwa wa kucheza michezo ya kompyuta kila mmoja akiwa mbali na mwenziwe. Na wa pili alikuwa mzazi wa rafiki huyo. Tume ya serikali iliyochunguza mauaji hayo ilitoa ripoti yake mwaka 2020, ikasema kuwa polisi hawakutimiza kiwango kilichowapasa katika kumpa leseni hiyo. Hatusemi kuwa wale mashahidi wawili walikusudia ubaya. Yamkini walisema walichokiona. Lakini masuali matatu ya Umar, jirani na mali na safari, hayakuulizwa kama yalivyopasa kuulizwa, na ndugu zetu hamsini na mmoja wakazikwa.

Twamlaumu polisi wa New Zealand, na twastahiki kumlaumu. Lakini je, sisi tungalikuwa bora kuliko wale mashahidi? Tuseme kweli. Katika mji wetu kuna maradhi ambayo hayana jina katika lugha nyingi, lakini sisi wa pwani twayajua kwa jina lake: muhali. Mtu huja kukuomba sahihi. Baba yake alikuwa rafiki wa baba yako, au alichanga katika ujenzi wa madrasa, au umekula harusini kwake. Moyo wako wasema hufai kumshuhudia, lakini uso wake u mbele yako, nawe waona muhali. Watia sahihi. Imamu huandika, mzee wa mtaa huandika, mwalimu huandika, na kila mmoja hudhani kuwa mwenziwe ndiye aliyehakikisha. Hivyo ndivyo ushahidi wetu ulivyopata kuwa kama sarafu mbovu: yazunguka mkono kwa mkono, na hapana anayeigonga asikie mlio wake.

Na Mwenyezi Mungu hakutuacha na udhuru katika hili. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha kusimama na ushahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu na wazee wetu na jamaa zetu, awe mwenyewe ni tajiri au fakiri. Na katika Sura hiyo hiyo, aya ya 85, ametufahamisha kuwa mwenye kuombea jambo jema hupata fungu katika jema hilo, na mwenye kuombea jambo ovu hubeba sehemu ya ovu hilo. Barua ya sifa ni maombezi. Risasi itakapotoka kwa mtu uliyemwandikia pasi na kumjua, fungu lako katika khabari hiyo limekwisha andikwa, hata kama wewe siku hiyo umelala kitandani kwako.

Atasema mtu: "Lakini kusema aibu ya mwenzangu si kusengenya?" Imam Nawawi amelijibu hilo katika Riyadhus-Salihin, alipotaja mahali ambapo kumtaja mtu kwa aibu yake kumeruhusiwa kwa haja ya sheria, na mojawapo ni pale unapotakwa shauri juu ya mtu wa kuoana naye, au kushirikiana naye, au kumwekea amana. Fatima bint Qays (R.A.) alipoposwa na watu wawili akamtaka shauri Mtume (S.A.W.), Mtume hakuona muhali, alimweleza kuwa mmoja ni fakiri asiye na mali, na mwengine fimbo yake haishuki begani. Tazama: katika ndoa, ukali wa mkono ulitajwa wazi wazi kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa katika khatari ya fimbo. Vipi basi tutauficha ukali wa mkono katika bastola, na mtaa mzima u katika khatari?

Wahenga wetu husema, mtoto akililia wembe, mpe. Ni maneno ya hekima mahali pake, kwani wembe humkata mwenyewe akajifunza. Bunduki haimfunzi aliyeililia. Yamfunza jirani yake, naye huwa hakuililia.

Limebaki jambo moja la kumwambia muuzaji mwenyewe. Asidhani kuwa akiisha kupewa leseni, amana imekwisha. Leseni ni mwanzo wa uchunguzi, na tangu siku hiyo yeye ndiye mchunguzi. Cheti cha mnunuzi kikiwa sawa lakini mnunuzi anuka tembo, au maneno yake ni ya mtu mwenye kisasi, muuzaji hana udhuru mbele ya Mola wake kusema "cheti kilikuwa sawa". Mtume (S.A.W.) aliamrisha mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike vichwa vyake isije ikamdhuru mtu, na akakataza mtu kumwelekezea nduguye silaha hata kwa mchezo. Kama hadhari hiyo ni juu ya mishale ya mtu mwema apitaye njia tu, muuzaji ajipimie mwenyewe hadhari iliyo juu yake. Na daftari yake aiandike kama mtu atakayeisomewa mara mbili, mara moja na mkaguzi na mara moja siku ya Kiyama. Na akiona kuwa duka halitamlipa illa kwa kufumba jicho, basi na alifunge. Riziki ina milango mingi.

Haya ndiyo tuliyomjibu ndugu yetu. Tulimwambia: biashara yako ni halali kwa sharti zake, na uchunguzi unaofanyiwa si uadui, bali ni haki ya majirani zako juu yako. Ama barua yako, hatuwezi kuitia sahihi kama ilivyo, kwani yasema twakujua nasi hatukujui. Twaweza kuandika kuwa twakuona katika sala na darsa, na kwamba hatukuona baya kwako, wala hatutazidisha neno. Nenda kwa jirani yako wa ukuta kwa ukuta, na kwa uliyefanya naye biashara ya mkopo, na kwa uliyesafiri naye. Hao ndio mashahidi wako.

Amekasirika nasi, na tangu siku ile hakuja darsani. Hatusemi kuwa hasira yake ni dalili ya kuwa hafai. Hiyo ingekuwa dhana, nasi tumekwisha soma hukumu ya dhana. Huenda akawa ni mtu bora kuliko sisi, na tunamwombea arudi, kwani mahali pake pangalipo. Lakini twaona kuwa hasira ya ndugu aliye hai ni mzigo mwepesi kuliko mzigo wa sahihi ambayo hatutaweza kuifuta.

Nanyi wasomaji wetu, twawausia jambo moja tu. Siku mtakapoletewa barua, iwe ya silaha, ya kazi, ya posa au ya uongozi, kabla ya kushika kalamu jiulizeni masuali yale matatu: Je, ni jirani yangu? Je, nimepatana naye kwa mali? Je, nimesafiri naye? Mkiwa na jawabu, andikeni mlijualo, zuri na baya. Na msipokuwa nalo, rudisheni kalamu kwa adabu, na mseme: Sijui. Neno hilo ni fupi, nalo ni nusu ya elimu.

Wabillahi tawfiq.